Msitu Usio na Watoto

Lempi Kettunen alikwenda chuo kikuu kuitetea miti, na kabla hata mwaka wa pili haujaisha akakabidhiwa kopo la rangi ya buluu achague ipi ikatwe. Siku hiyo alizunguka na kopo lake msituni mpaka wenzake wakamaliza, wakakaa juu ya gogo wakinywa kahawa ya chupa, naye hajapulizia hata mti mmoja. Profesa Haugland, mwanamke mrefu mwenye sauti kavu ambaye hakuna aliyewahi kumwona na haraka, akamjia akasimama kando yake.

"Umekwama?"

"Kila ninaoutazama naona una haki ya kuishi."

"Unayo. Sasa tazama chini yake. Nani anasubiri?"

Lempi akainamisha macho. Chini ya ule mti mkubwa wa aina ya mepo kulikuwa na watoto wake, vimepo vingi vyembamba, vimejipinda huku na huku vikitafuta kijipande cha jua kilichopenya matawini. Vingine vilikwisha kata tamaa na kukauka vimesimama. Akatazama kwa muda, kisha akainua kopo, akapiga mstari wa buluu kwenye gome la ule mkubwa. Tangu siku hiyo akawa na mazoea ya kuutazama msitu kuanzia chini kwenda juu.

Mwaka wa tatu ndipo kilipokuja kile kibarua ambacho wanachuo wote wa maliasili walikuwa wakikisubiri kwa hofu. Kila mmoja alitakiwa kumtafuta mtu mwenye msitu wake, aupime, kisha amwandalie mpango wa namna ya kuutumia kwa miaka mia bila kuumaliza. "Na mwenyewe aukubali," alisema Profesa Haugland. "Mpango ambao mwenye msitu hataufuata ni karatasi ya kuwashia moto."

Wengine walihangaika kutafuta. Lempi hakuhangaika. Kaka yake baba, Urho, alikuwa na msitu mkubwa nyuma ya kijiji cha Pelto, mwendo wa asubuhi moja kwa gari kutoka chuoni, upande ule wa Ziwa Superior ambako theluji huanguka mapema na huondoka inapotaka yenyewe.

Urho Kettunen alikuwa na miaka sabini na minne. Maisha yake yote ya kazi aliendesha jembe la kusukuma theluji barabarani, na sasa alikuwa mjane mwenye nyumba safi mno. Mkewe, Ilma, alipofariki, watu wa kanisani walimletea pasti, zile mkate zilizojazwa nyama na viazi, kwa wiki kadhaa, halafu kama kawaida ya watu, wakarudi kwenye shughuli zao. Kilichobaki kumwamsha asubuhi ni kulungu.

Lempi aliwakuta Februari alipokwenda kumwomba ule msitu. Urho alitoka nyuma ya nyumba akiburuta kijisleji, kigari kisicho na magurudumu cha kutelezea thelujini, chenye ndoo ya mahindi na karoti, akaigonga ndoo mara chache, na wanyama wakaanza kujitokeza mitini kimya kimya kama watu waliochelewa ibada.

"Yule anayepiga wenzake mateke ni nani?" Lempi aliuliza.

"Huyo ni Mwenyekiti wa Bodi ya Shule. Anakula wa kwanza, anaondoka wa mwisho, na kazi hajafanya hata siku moja."

"Na ule msururu?"

"Wa mbele ni Mama Kwaya. Haji mpaka wamfuate. Yule dume mwenye mvi puani ni Mchungaji, ana mahubiri marefu, angalia anavyotafuna."

Lempi akacheka mpaka pumzi yake ikafanya wingu. Walipoingia ndani, Urho akakata nisu, ule mkate mtamu wa iliki ambao alijifunza kuuoka baada ya kufiwa, akamimina kahawa, akasikiliza ombi lake mpaka mwisho.

"Miaka mia," alisema. "Mimi nitakuwa wapi?"

"Kwa mama mkubwa Ilma."

"Basi andika vizuri. Nitakuwa natazama."

Theluji ilipoondoka, mwezi wa tano, Lempi akarudi na Odette Beauchaine, msichana waliyepanga naye nyumba, mwenye mdomo mpana na macho yasiyokosa kitu. Wakaingia msituni na kamba, utepe wa kupimia na vigingi. Ulikuwa msitu wa kupendeza. Mihemloki, ile miti mirefu yenye majani kama sindano fupi, ilisimama imepanda juu sana, na mimepo minene katikati yake. Chini kulikuwa peupe kama sakafu iliyofagiliwa.

"Pazuri," Odette alinong'ona. "Kama kanisa."

Lempi akaanza kufungua kamba. Alishatazama chini, na hakupapenda.

Wakachora duara kwa kamba wakahesabu miche ndani yake. Hakuna. Wakasogea, wakachora jingine. Hakuna. Mchana kutwa walichora maduara wakikuta madoadoa ya magugu ya kivulini na vijiti vilivyokatwa ncha kwa meno. Mti mchanga unaofika kiunoni hawakuuona popote.

"Ni wazee watupu," Odette alisema akijipangusa matope magotini. "Wakifa hawa, hakuna wa kuwazika. Kama kijijini kwetu."

Walipokuwa wanarudi ndipo walipopitia kwenye shimo. Zamani za machimbo ya shaba watu walichimba kila mahali wakijaribu bahati, wakaacha mashimo marefu wima, na katika hili mbwa wa mtu alikuwa ametumbukia, hivyo serikali ya kaunti ikalizungushia uzio mrefu wa waya. Hiyo ilikuwa kabla Lempi hajazaliwa. Ndani ya uzio ule mtu asingeweza kuliona shimo lenyewe. Kulikuwa na vihemloki vinavyofika begani, vimepo vimebanana kama nywele, na chini yake maua meupe ya petali tatu yametapakaa mpaka kwenye waya. Kwenye waya yalikoma, kana kwamba mtu ameyakata kwa mkasi.

Udongo ule ule, mvua ile ile, kivuli kile kile. Wote wawili wakasimama wameshika waya.

"Lempi," Odette alisema taratibu. "Ni kulungu."

"Najua."

"Wa baba yako mkubwa."

"Nimesema najua."

Usiulize kama alijaribiwa. Alijaribiwa sana. Angeweza kuandika habari za kupunguza mimepo iliyosongamana na njia za kupitisha magogo bila kuumiza udongo, wanyama akawapitia juu juu kwa mstari mmoja, na Urho angeukubali mpango huo kwa furaha. Akaenda ofisini kwa Profesa Haugland akamweleza yote, akitumaini kuambiwa la kufanya.

Profesa akavua miwani. "Nilipokuwa na umri wako nilimwambia mkulima mmoja jambo la namna hii. Akanifungulia mbwa."

"Kwa hiyo nisimwambie?"

"Mbwa alikuwa mzee, hakunifikia." Hakutabasamu. "Kupima msitu nimekufundisha. Kumwambia mtu unayempenda kwamba wema wake una madhara, sijakufundisha, kwa sababu sijui. Labda ilipaswa kuwa somo. Ukigundua njia, rudi uniambie."

Jumapili iliyofuata, baada ya kahawa, Lempi akamwomba baba yake mkubwa watembee. Urho alitembea mbele, mrefu, mikono nyuma, akimwonyesha mahali alipomwona dubu na mahali Ilma alipopenda kuchuma uyoga. Walipofika kwenye uzio akasimama.

"Umenileta kutazama shimo?"

"Tazama kinachoota."

"Majani."

"Tazama vizuri, Baba Mkubwa. Halafu geuka utazame nyuma yako."

Urho akatazama, akageuka, akatazama tena. Hakuwa mtu mjinga, na Lempi aliona uso wake ukibadilika kabla hajasema neno.

"Humo hamkanyagwi na mtu," alisema hatimaye.

"Na huku nje anakanyaga nani? Ni wewe tu, na unatembea kwa adabu."

"Kulungu walikuwepo kabla yangu. Na kabla ya chuo chenu."

"Walikuwepo, ila si wengi kiasi hiki mahali pamoja. Baridi ikikaza wangehamia kule kwenye kinamasi cha mierezi, wangetawanyika. Wewe unawapa mahindi asubuhi, wanabaki hapa hapa, na mahindi hayawatoshi. Kutwa nzima wanatafuna kila kinachochipua kuzunguka nyumba yako. Miti inazaa kila mwaka. Watoto hawafiki."

"Kwa hiyo ninayeua msitu ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa heshima. Maana ni ile ile." Akashika waya. "Na Ilma je? Yeye ndiye aliyeanza kuwalisha. Naye utamweka kwenye mpango wako?"

Hapo Lempi alipaswa kunyamaza. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, alikuwa na maduara yake yote kichwani, na ukweli ulikuwa upande wake. "Mama mkubwa aliwalisha ule mwaka mmoja wa theluji kali," alisema. "Halafu akaacha. Hii miaka mingine yote ni ya kwako."

Urho akauachia waya. Akarudi nyumbani kwa hatua ndefu bila kumsubiri, na Lempi alipofika uani akaona dirishani vikombe vimeoshwa, na mlango umefungwa.

Majira yote ya joto simu ya Urho iliita bila kupokewa. Lempi alifanya kazi kwenye kitalu cha miche, akaandika mpango wake, na ndani yake akaandika ukweli. Profesa Haugland akampa alama za juu kabisa darasani, kisha chini kabisa akaongeza swali kwa kalamu: mwenye msitu amesemaje? Lempi akaziona zile alama kama chakula kilichopoa. Alimwambia Odette kwamba afadhali angeshindwa mtihani.

"Usijifanye mtakatifu," Odette alimjibu. "Ulisema kweli na ulisema vibaya. Yote mawili. Mpe mzee muda."

Oktoba, asubuhi moja Lempi anasugua meno, simu ikalia.

"Kama nikishaanza kuwalisha," ilisema sauti ya Urho, bila salamu, "halafu niache katikati ya baridi, wataumia zaidi. Siyo?"

Lempi akatema dawa ya meno. "Wataumia sana. Watakuwa wameshakaa kwa kukutegemea, na theluji imeshawafungia njia."

"Basi ni kuacha kabla sijaanza."

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

Lempi alisikia saa ya ukutani ya nyumba ile ikigonga kwa mbali.

"Nimekwenda kule shimoni," alisema Urho. "Nimekwenda mara nyingi. Sasa nisikilize. Theluji ikianguka watakuja tu, wameshazoea. Watasimama pale nyuma wanitazame dirishani. Mimi nimetoa watu waliokufa ndani ya magari barabarani, na nikarudi nyumbani nikala. Lakini macho yale siyawezi. Hapo kwenu kuna mahali pa kulala?"

Alifika na pikapu yake katikati ya Novemba, na sanduku moja na mikate sita ya nisu. Wakampa kochi la sebuleni. Siku ya kwanza alirekebisha mlango wa mbele uliokuwa ukikwama tangu wahamie, siku ya pili akagombana na chakula cha Odette.

"Hiki ni chakula au dawa?"

"Dengu, babu. Zina protini."

"Kuku naye ana protini, na hana kiburi."

Theluji kubwa ya kwanza ilipoanguka, Odette aliteremka jikoni alfajiri akamkuta amevaa buti na koti, amesimama kwenye mlango wa nyuma, mikono inaning'inia kama ya mtu aliyepokonywa mzigo. Odette akachukua koleo nyuma ya jokofu akampa.

"Kama unatafuta kazi, njia yetu haijafukuliwa."

Urho akafukua njia yao. Akafukua ya jirani, kisha ya jirani wa jirani, na ilipofika saa ya watu kwenda kazini alikuwa amemaliza mtaa mzima na amekwisha alikwa kahawa katika nyumba mbili. Tangu hapo ikawa hivyo kila ilipoanguka. Lempi alimsikia akicheka na watu njiani, akieleza majembe ya zamani yalivyokuwa, na akagundua kwamba katika wiki hizo chache baba yake mkubwa alikuwa amezungumza kuliko tangu msiba. Jambo hilo lilimuuma kidogo. Alikuwa amehesabu kila kitu katika msitu ule, lakini hakujiuliza hata mara moja yule mzee anaongea na nani.

Siku moja Lempi akamchukua darasani. Profesa Haugland alikubali mgeni akae nyuma, na kwa bahati mbaya au nzuri mjadala wa siku hiyo ulikuwa juu ya wanyama waliozidi msituni. Kijana mmoja wa mbele, mwenye akili na haraka, akasema tatizo la kulungu ni rahisi kabisa: piga nusu yao, basi.

Mkono mrefu ukainuka nyuma.

"Umewahi kuwapa majina?" aliuliza Urho.

Darasa likacheka, na kijana akawa mwekundu.

"Sikupingi. Mwaka huu nimewaruhusu wapwa wa marehemu mke wangu wawinde kwangu, majike kwa madume, na nyama imekwenda kwa watu wa kanisani. Lakini usiseme rahisi. Mimi mwenyewe nimekimbia nyumba yangu."

"Bwana Kettunen," Profesa Haugland alisema kwa ile sauti yake kavu, "ulipoona si rahisi, miaka yote hiyo ulifanya nini?"

Urho akafikiri. "Niliongeza mahindi."

Safari hii kicheko kilimwangukia yeye, naye akakipokea kwa kuinamisha kichwa. Baadaye kwenye ukumbi Lempi aliwaona Profesa na Urho wamesimama dirishani wakibishana juu ya umri wa mihemloki, hakuna anayekubali kushindwa, na yule kijana wa mbele kati yao akisikiliza.

Baada ya Krismasi Urho alisema anataka kwenda kwake. Lempi akaendesha, kwa sababu barabara ilikuwa ya barafu na mzee alikubali, kwa kinyongo, kwamba macho yake si yale ya zamani. Ua wa nyuma ulikuwa mweupe, bila alama mpya. Nyayo zilizokuwepo zilikuwa za zamani, zimejaa theluji, na zote zilielekea upande wa kinamasi cha mierezi.

Nyuma ya banda la kuni wakamkuta mmoja. Alikuwa mdogo, wa mwaka ule ule, amejikunja kana kwamba amelala, mbavu zinahesabika.

Urho akainama, akampangusa theluji mgongoni. "Huyu hakuwa na jina bado," alisema.

"Samahani, Baba Mkubwa." Kila alichojifunza Lempi kilimwambia kwamba hata mahindi yangekuwepo baadhi wangekufa, na hakuna hata neno moja kati ya hayo lililofaa kusemwa pale. "Samahani sana."

"Usiniombe samahani. Shika miguu ya nyuma."

Wakamlaza kwenye kijisleji, wakamburuta mpaka ukingoni mwa msitu, kwa kuwa ardhi ilikuwa imeganda na kaburi lisingechimbika. Kunguru walishaanza kuitana juu ya miti. Urho akavua kofia, akaivaa tena, akasema wakate kuni, wawashe sauna, kile chumba cha kuogea mvuke. Wakakaa humo kwa zamu mpaka baridi ikawatoka mifupani, kisha wakala supu mezani. Hakuna aliyezungumzia msitu. Urho aliuliza kama mtaa wa kina Lempi unafukuliwa vizuri, au wameukabidhi kwa wavivu.

Alikaa kwake baridi yote iliyobaki, na kila Ijumaa Odette, ambaye hakuwa ndugu yake kwa upande wowote, alimpigia simu kumuuliza amekula nini.

Mwezi wa tano, wiki moja kabla ya mahafali, Lempi alikwenda na kamba yake. Urho akamfuata mpaka kwenye mihemloki. Alisisitiza kuvuta ncha ya pili ya kamba mwenyewe, na duara lilipokamilika akapiga magoti ndani yake, miwani imeshuka puani, akipekua majani makavu kwa kidole.

Kulikuwa na vimepo vingi, vyenye majani mawili mawili tu. Lempi akamwonya kwamba hivyo huota kila mwaka, kuota si kitu, swali ni kama vitakuwepo mwakani. Urho akaitikia bila kumsikiliza. Alikuwa amepata kingine, kitu kidogo kuliko kucha, uzi wa kijani wenye sindano chache laini.

"Hiki?"

Lempi akalala kifudifudi kukitazama. "Hicho ni hemloki."

"Kitakapokuwa na miaka kumi, kitafika wapi?"

"Kikibahatika? Kwenye goti."

Urho akahesabu kimoyomoyo, na Lempi akajua anahesabu nini, akamwacha ahesabu. Kisha mzee akayatazama magoti yake marefu yaliyozama matopeni, akamtazama mtoto wa mdogo wake, ambaye katika ukoo mzima hakuna aliyekuwa mfupi kumshinda.

"Langu au lako?"

"Langu," alisema Lempi. "Usiwe na tamaa."

Urho akacheka, akanyoosha mkono ili amsaidie kuinuka.